Fyuzi Iliyobaki Mfukoni mwa Nyusi Moja

Mama yangu mdogo anaitwa Nyusi Moja. Ana nyusi mbili, zote nzuri, nimeziangalia leo asubuhi kabla sijaandika hapa. Lakini jina la utani halina huruma. Likishakukalia limekukalia, hata ukitembea na ushahidi usoni.

Lilianza hivi. Yeye ni fundi umeme wa magari. Alipokuwa bado anajifunza, aliinama juu ya betri aunganishe honi, moja kwa moja, bila fyuzi, eti anajaribu tu. Waya ukagusa chuma. Cheche zikaruka, waya ukawa mwekundu mkononi mwake, na nyusi ya kushoto ikaenda. Nikisema ikaenda, jamani, ilienda yote.

Kesho yake alikuwa na harusi ya rafiki yake. Akajichorea nyingine kwa penseli. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, kwa hiyo ikakaa juu kidogo kuliko mwenzake, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyeambiwa uongo upande mmoja tu. Halafu jasho. Mpaka keki inakatwa, nyusi ilishafika shavuni. Na mafundi wenzake nao walikuwa wamealikwa. Basi tena, jina likapata mwenyewe.

Bibi yangu, yaani mama yake, wiki hiyo alikataa kulala naye chumba kimoja. Alisema mtoto ananuka plastiki na nywele zilizoungua, na harufu imeingia mpaka kwenye mapazia. Ishikeni hiyo harufu, tutaihitaji.

Tunamcheka sana, lakini siku ile ilimwachia kitu kingine: woga. Mimi sijawahi kuona mtu anayeogopa moto kama yeye. Akimaliza kazi, anapapasa nyaya zote kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Na ana sheria yake moja ambayo gereji nzima inaijua: fyuzi inaingia mwisho kabisa. Anaiweka kwenye mfuko wa aproni, na mpaka aridhike na kila tundu na kila nati, haitoki.

"Fyuzi ikiwa kwangu," huwa anasema, "gari bado mgonjwa wangu. Haliendi popote."

Shida ni kwamba ana kaka, na huyo kaka hajawahi kungoja kitu. Huyo ni mjomba wangu. Tunamwita Sasa Hivi, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali duniani. Anaishi juu mlimani, na ana gari la abiria kuukuu ambalo mlango wake wa nyuma unafunguka kwa nje tu. Ukiwa ndani, unasubiri ufunguliwe kama mzigo. Taa zake za mbele ni hafifu, kama zinaomba radhi kuwaka. Kwa hiyo siku aliyomtoa bibi hospitalini kumpeleka kwake mlimani, alipitia naye gerejini afungiwe taa mbili kubwa za ziada kwenye bampa, za kukata ukungu.

Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Moja limefungwa bandeji, la pili linaona vivuli tu. Alikaa kiti cha nyuma na blanketi lake, akihesabu makosa ya kila mtu kwa kusikiliza.

Ngoja niwape somo kidogo, msikimbie. Taa kubwa zinakula umeme mwingi. Ukiupitisha umeme wote huo kwenye swichi ndogo ya dashibodi, swichi inaungua. Ndiyo maana kuna rilei, kisanduku kidogo kama kiberiti kinachokaa chini ya boneti. Swichi inakuwa kama bosi: inatoa amri tu, haibebi kitu. Rilei ndiyo inayofungulia umeme mkubwa kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa. Na katikati, karibu na betri, inakaa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kufa. Waya ukichunika ukagusa bodi ya gari, fyuzi inakatika papo hapo, waya unabaki salama na wewe unabaki na nyusi zako.

Mama Mdogo alikuwa amefunga kila kitu. Lilibaki tundu moja alilotoboa kwa drili kwenye bati la mbele, pale waya wa taa unapopita. Kingo za tundu ni kali kama wembe, zinatakiwa kuzungushiwa kimpira, na gerejini vimpira vilikuwa vimekwisha. Akaniambia twende dukani, nimshikie mwavuli.

"Sasa Hivi, usiguse kitu," akamwambia kaka yake.

"Sasa hivi ukungu unashuka, wewe unaenda kutembea!"

"Nimesema usiguse."

Tulirudi na kimpira, gari halipo.

Fundi matairi alikuwa pale anajaza upepo, amefurahi kabisa. "Kaka yako ameshaondoka! Bwana, zile taa! Zimewaka kama uwanja wa mpira!"

Mama Mdogo akasimama. "Zimewaka?"

"Nakwambia zilinipofusha."

Nikaona mkono wake unaingia polepole kwenye mfuko wa aproni. Ukatoka na fyuzi. Ndogo, ya plastiki, ya rangi ya chungwa. Akaitazama kama imemtukana.

"Kama fyuzi ninayo mimi," akasema, "kule ndani kuna nini?"

Fundi matairi akaacha kucheka. Akasema mjomba aliwasha swichi, taa zikagoma, akafungua boneti, akaona nafasi ya fyuzi iko tupu, akaokota kipande cha waya sakafuni, akakikunja, akakichomeka. Eti akasema huyu dada yangu husahau.

Waya wa shaba haufi kama fyuzi. Na lile tundu halina mpira, gari linatikisika kwenye barabara ya mlima, kila mtikisiko ni wembe kwenye ngozi ya waya. Na nyuma yupo bibi, haoni, kwenye gari lisilofunguka kwa ndani.

Mama Mdogo akapiga simu ya mjomba. Ikalia. Ikalia karibu mno. Tukageuka wote: ilikuwa juu ya meza, inachajiwa.

Mama Mdogo akachukua funguo za pikipiki ya fundi matairi bila kuomba. Mimi nikang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, ule uliotundikwa tangu sijazaliwa, nikapanda nyuma nimeukumbatia kama mtoto. Kama unafanya kazi au ni pambo, hakuna aliyejua.

Ule mlima sitausahau. Ukungu ulikuwa mzito, unaona mstari wa katikati ya barabara tu. Kila kona nilitegemea kuona mwanga mwekundu. Kila harufu niliinusa mara mbili. Lori likatutokea mbele ghafla, honi mpaka kwenye meno, tukapita pembeni kwenye kokoto, na Mama Mdogo hata hakulitukana, na yeye hutukana hadi mvua. Nilikuwa nimemshika kiunoni kwa mkono mmoja, mtungi kwa mwingine.

"Unanusa kitu?" akawa anauliza. "We, unanusa kitu?"

"Hapana, Mama Mdogo."

"Endelea kunusa."

Tukapinda kona moja, ukungu mbele yetu ukawa mweupe kabisa, kama mtu amewasha mchana. Zile taa. Gari lilikuwa limesimama ukingoni mwa barabara, linatazama tulikotoka sisi. Na chini ya boneti kulikuwa kunatoka kitu ambacho si ukungu.

Mama Mdogo aliiacha pikipiki ianguke. Hakwenda kwenye boneti. Alikwenda mlangoni, akauvuta kwa mikono miwili, na kabla haujafunguka vizuri tukasikia sauti ya bibi.

"Nimekwambia simama! Nimekwambia fungua! Mwanaume mzima huna pua?"

"Mama, ni breki tu," mjomba alikuwa anasema kwenye usukani. "Ni breki, nimeshageuza turudi, sasa hivi itaisha."

"Breki gani? Gari linanuka kama siku ile mwanangu aliporudi hana nyusi! Harufu hiyo nimelala nayo wiki nzima, utanifundisha wewe?"

Mama Mdogo akambeba bibi na blanketi lake mpaka kwenye majani. Akarudi, akapenyeza mkono mbele ya mjomba, akazima swichi mwenyewe. Akafungua boneti. Moshi ukamjia usoni, na niliona akijishika nyusi, zote mbili. Kisha akaingiza koleo, akang'oa kile kipande cha shaba. Kiliangukia lami iliyolowa kikalia: tsss.

Nikaelekeza mtungi, nikabana. Ukatoa pumzi kama mzee anayeinuka kitini, ukanyamaza. Pambo.

Lakini moto haukuwepo. Ulikuwa umekaribia tu. Ngozi ya waya pale kwenye tundu ilikuwa imechunika, na mpaka kwenye betri ilikuwa imevimba malengelenge, na karibu kabisa nao, nawaambia upana wa kidole, ulipita mpira wa mafuta ya petroli.

Mjomba aliinama akaangalia pale, akaupima huo upana kwa kidole chake mwenyewe.

Mama Mdogo akatoa ile fyuzi ya rangi ya chungwa mfukoni, akaichomeka mahali pake. "Washa."

"Dada..."

"Washa, uone."

Mjomba akabonyeza swichi. Ikasikika tik, ndogo kabisa, kama mtu amevunja kucha. Taa hazikuwaka, moshi haukutoka. Mama Mdogo akaichomoa fyuzi, akamwekea kiganjani, kale kauzi ka ndani kamekatika.

"Hii ndiyo ilitakiwa kufa," akasema. Ndipo akaketi chini kwenye matope, akalia.

Mjomba akavua koti akamfunika nalo. Alikaa naye pale, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na haraka.

Fyuzi nyingine hatukuwa nayo. Kwa hivyo tuliteremka taratibu na zile taa hafifu, Mama Mdogo akiwa mbele kwa pikipiki, sisi tunafuata kile kitaa chake chekundu cha nyuma. Mlango wa nyuma niliushika kwa mkono, haukufungwa. Bibi alikuwa mbele karibu na mjomba, ananusa.

Mlango umeshatengenezwa. Taa zimefungwa upya, kimpira kimekaa. Na sheria imeongezwa: siku hizi ukimpelekea Nyusi Moja gari lako, fyuzi inaingia mfuko wa kulia na funguo zako zinaingia mfuko wa kushoto. Mjomba ndiye wa kwanza kukabidhi.

Haya, zamu yenu. Najua humu kuna watu waliowahi kuweka waya, msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, na najua kuna waliookolewa na pua ya mtu. Andikeni hapa chini ilikuwaje, na kama tukio hilo liliwaachia jina la utani, lileteni pia. Bibi ameniomba nimsomee yote kwa sauti mpaka jicho lipone, na amesema anataka hasa ya wale waliosema "ni breki tu".