Kurasa Zilizoshikana

Usiku ule sikuutafuta usingizi. Ulinikuta kwenye kochi, gauni la kazini bado mwilini, na riwaya aliyoiacha marehemu Mwalimu Tabu kifuani. Binti yake alikuwa ameniletea jioni, siku tatu baada ya arobaini.

"Mama alisema upewe wewe, dada," aliniambia, "kwa sababu ulimsomea mpaka mwisho."

Nikaipokea kwa mikono miwili nikasema asante. Sikuwa na uso wa kusema lingine, maana sikumsomea mpaka mwisho.

Riwaya ile kila mtu hapa Iringa alikuwa akiizungumzia, malkia asiye na kivuli na milima inayohama usiku. Mimi, kwa kutotaka kupitwa, nilijigamba kwa Mwalimu Tabu, aliyenifundisha darasa la tano, kwamba nimeshaimaliza. Sikuwa nimeigusa. Yeye alishanunua nakala yake, lakini kisukari kikamwahi macho, akaniomba nimsomee kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na mazoea yake tangu darasani: ukisoma, anagonga kidole kila penye nukta, ili usikimbie. Sasa aligonga kwenye ubao wa kitanda. Sura mbili zilikwenda vizuri, na kwa kweli zilininogea. Sura ya tatu nikakuta kurasa zimeshikana, kiwandani hazikukatwa. Kuomba kisu jikoni ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini nilikuwa nawahi kikao cha harusi, tena si nimeshajifanya naijua? Nikaendelea kwa kutunga. Jumapili iliyofuata, uzi wa kitabu umeshanipotea, nikatunga tena, na nyingine tena, mpaka nikamrudisha malkia nyumbani kwa vigelegele. Mwalimu Tabu alinishukuru. Wiki ile ile akafariki.

Basi usingizini nikajikuta darasani kwetu, madirisha yale yale yasiyo na vioo. Nilikaa dawati la mbele, mtu mzima nimebanwa magoti. Mwalimu hakuwepo. Nikafungua mlango kwenda kumtafuta, na nje hakuna uwanja wa paredi, kuna nchi ya malkia. Naitambua. Mto mweupe ule pale. Mlinzi wa daraja ananipisha. Natembea, na kila kitu kipo kama nilivyokisoma, mpaka njia inakatika ghafla. Mbele yangu ni weupe mtupu, kama karatasi, hauna chini wala juu.

Na hapo, ukingoni, amekaa Mwalimu Tabu kwenye kiti chake cha darasani, amejifunga kitenge chake cha kijani. Macho yake yanaona. Ananitazama na mimi natazama chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa. Ndipo uliponifikisha."

Najitetea kama mtoto. Namwambia lakini nilikusimulia, Mwalimu, malkia alirudi kwao, wakampokea, akapata kivuli chake. Nasema mengi, na kadiri ninavyosema ndivyo ninavyosikia kwamba kuna kitu hakisikiki. Nakitazama kidole chake. Kimetulia juu ya goti. Ndipo ninapokumbuka: tangu sura ya tatu hakikugonga tena. Jumapili zote zile nilidhani amechoka.

Aibu inanishika mpaka masikio yanawaka moto.

"Ulijua?"

"Wewe ukidanganya hupumui. Tangu darasa la tano."

"Sasa mbona hukunikemea, Mwalimu?"

Anakinyoosha kitenge magotini, taratibu, kama anavyofanya siku zote kabla ya kujibu.

"Ungeona haya, ukaacha kuja."

Nataka kupiga magoti, lakini magoti yamebanwa, nimerudi kwenye dawati, na yeye yuko mbali, mgongo kwangu, uso kwenye ule weupe. Sauti yake tu ndiyo iko karibu.

"Nifungulie nipite."

Nikaamka. Kitabu kilikuwa kimeanguka sakafuni na shavu langu limelowa. Nililia pale kwenye kochi, nililia vibaya, kwa sababu alikufa akiuficha uongo wangu hata kwa mwanawe. Kisha nikaenda jikoni nikachukua kisu cha kukatia mboga. Kurasa zilizoshikana zilikuwa nane tu. Nane! Zilifunguka kwa mkato mmoja mmoja, bila shida yoyote.

Niliamua kukipambazuka nimpigie binti yake nimwambie ukweli. Lakini kwanza nilikaa mezani, nikapumua, nikaanza sura ya tatu kwa sauti. Kumbe sentensi ya kwanza tu ilisema malkia asingerudi nyumbani hata siku moja.

Nikafika kwenye nukta. Nikasimama, nikagonga meza kwa kidole, kisha nikaendelea.