Ndoano Katika Majani ya Ziwa

Leo asubuhi, hapa Majengo, jirani alikamua ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na harufu ya machicha ikanifikia nikiwa ninasali. Mara nikawa mutoto tena, kando ya Ziwa Kivu na papa, baba yangu.

Mama alikuwa amejifungua, na maziwa hayakutoka. Wanawake walisema supu ya samaki itayaleta. Lakini tulikuwa na ndoano moja tu. Nyingine ilinasa katika majani marefu ya chini ya maji, ambako samaki wakubwa hujificha.

Nilimpa papa nyungunyungu na jiwe la volkeno lenye matundu, rahisi kufunga kwenye uzi.

“Jiwe hapana. Litaizamisha ndani ya majani, tuipoteze na hii. Lete machicha.”

Aliyakanda pamoja na ugali, akaficha ncha ya ndoano ndani ya donge, akalitupa polepole. Likatua juu ya majani. Mimi nikafumba macho, nikaanza Salamu Maria.

“Amuka, mutoto! Mungu ameshatuma, wewe umelala!”

“Silali, papa. Ninasali.”

“Basi sali ukivuta!”

Tukavuta pamoja. Likaja furushi la majani yenye tope, nami nikataka kulia. Papa akayachambua kwa vidole, na ndani yake samaki akapiga mkia, akanirushia maji usoni.

Kesho yake asubuhi nilisikia kitoto kikimeza, kikipumua, kikimeza tena. Papa, aliyesimama mlangoni, akavua kofia kama tuko kanisani.