Kanda ya Bwire Niliyoifuta

Ujana wangu wote naukumbuka kwa raha, mwanangu, isipokuwa Jumapili moja ya pale Kirumba, Mwanza. Hiyo ikinijia nikiwa nakula, naacha kula. Nakusimulia kwa sababu naona na wewe umeanza kuwa mwepesi wa kuamua mambo ya watu kabla hawajamaliza kuyasema, na mimi ndivyo nilivyokuwa.

Kwanza unijue. Sikusoma. Niliacha shule darasa la nne kule Misungwi, nikachunga ng'ombe wa mjomba, nikawachoka, nikaja mjini na shati nililovaa. Leo nina maduka matatu, na nyumba ya ghorofa Nyegezi ambayo fundi alikuwa anajenga huku mimi namwelekeza. Watu wenye digrii wananiandikia barua za kuomba kazi. Nazisoma polepole, lakini nazisoma zote. Utasema mzee anajisifu, na ni kweli najisifu, nimevitolea jasho. Ila mtu akishazoea kufanikiwa kwa akili yake peke yake, anaanza kudhani kichwani mwa wenzake hamna kitu. Huo ugonjwa niliupata mapema.

Mali yangu ilianzia kwenye kanda za muziki. Ilikuwa ile miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikamwagika madukani. Zamani redio ya deki mbili, ya kunakili kanda moja kwenda nyingine, ulikuwa unaiona kwa mtu mwenye ndugu Ulaya. Mimi nilinunua yangu, nikapata kibaraza cha duka la nguo karibu na soko kuu, nikaweka meza, nikaandika ubao: TUNAREKODI NYIMBO ZOTE. Mteja alikuja na kanda yake na karatasi yenye majina ya nyimbo anazotaka. Asiyejua majina aliniimbia palepale, watu wanacheka, nami kabla hajafika kwenye kiitikio nishamtajia wimbo na bendi. Waliniita Profesa. Jina hilo nililipenda kuliko la ubatizo.

Siku hizo kanda haikutupwa. Ukizichoka nyimbo zake, nafuta, naweka nyingine. Kama hutaki ifutwe, unavunja vile vijimeno viwili vya plastiki vya juu, mashine inagoma kurekodi. Lakini sisi wa kazi hiyo tulikuwa na ujanja wetu. Unabandika selotepu juu ya matundu, mashine inadanganyika, kazi inaendelea. Wateja wengi walitaka hivyo, wakishabadili mawazo. Nilifanya mara nyingi kiasi kwamba mkono ulikuwa unabandika wenyewe huku mdomo unazungumza na mtu mwingine.

Siku moja akaja Mwalimu Kagaruki. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa shule ya msingi, shati limepigwa pasi hadi linakata. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Ndiyo wewe Profesa?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Mji mzima unanijua."

"Vizuri. Sisi tuliobaki na ualimu tu tuna shida, tumekuja kwa profesa."

Wateja wakacheka. Mimi nikacheka pia, ingawa nilijua nimechomwa kidogo. Akatoa kanda ndani ya bahasha, imeviringishwa kwenye leso. Akaanza kunieleza habari ya mtu aitwaye Bwire, Mkerewe, aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi ya Mawe Jazz miaka ya sabini. Wenzake walikuwa wanapiga rumba, yeye anapiga roki. Sifa zilikwenda kwa mwimbaji, na Bwire aliwekwa nyuma karibu na ngoma. Bendi ilipokwenda kurekodi redioni, fundi wa mitambo alimwambia apunguze makali, akakataa, wakarudi Mwanza bila wimbo. Kwa hiyo kilichobaki ni hiki, akasema Mwalimu, kilichorekodiwa ukumbini na rafiki yao. Nimtolee nakala nne, na Jumapili niende nazo Kirumba pamoja na mashine yangu, kwa Fundi Seti, maana wao wawili, marafiki wa Bwire wa tangu zamani, wamepanga kumsikilizisha binti yake.

Hayo yote alinieleza, mwanangu. Ninayajua sasa kwa sababu yalinirudia baadaye, neno moja moja. Wakati ule nilikuwa nampokea mteja mwingine kwa mkono wa kushoto na kumwitikia Mwalimu "ndiyo, ndiyo" kwa mdomo.

Kesho yake nikaiweka kanda, nikavaa hedifoni. Nikasikia watu wanapiga makelele ukumbini, ngoma, halafu ukaingia mngurumo. Unakwaruza, unavuma, kama mtu anaburuta bati juu ya mawe. Nilisikiliza nusu dakika. Nikasema, hii kanda imekufa. Unyevu wa ziwa umeila. Sikuwahi kusikia gitaa la namna ile, na kwa kuwa mimi Profesa sijawahi kulisikia, basi halikuwa gitaa, ilikuwa hitilafu.

Ningeweza kumngoja Mwalimu nimuulize. Shule yake haikuwa mbali. Lakini nikaona nitamtia aibu bure, mzee wa watu ametunza takataka kwenye leso miaka yote hiyo. Nikaamua kumtendea wema. Nikachagua nyimbo za Kikongo zilizokuwa zinatamba mjini wiki ile, nikazirekodi kwenye zile kanda nne mpya. Kisha nikaitazama ile ya zamani. Ilikuwa kanda nzito, ya aina ambayo haikuwa inaletwa tena. Nikaona ni hasara kuiacha na kelele. Vijimeno vilikuwa vimevunjwa vyote viwili. Nikabandika selotepu, nikairekodi juu, upande wa kwanza na wa pili. Nikafunga meza yangu nikiwa na furaha, naapa, nikijiona nimetoa sadaka.

Jumapili baada ya misa nikaenda Kirumba na redio begani. Fundi Seti, mshonaji wa suti, alikuwa ameweka viti uani kwake. Mwalimu alikuwepo. Bwire naye alikuwepo, na ndiyo mara ya kwanza namwona. Mwembamba, mpole, kofia magotini. Bendi ilipovunjika alivua samaki, halafu akapata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na huko kisu cha kukatia sangara kikamwondolea vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ndio mkono unaobana nyuzi za gitaa. Binti yake, Veronika, alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, anauza vitenge sokoni. Mama yake alikwisha kufariki. Alizaliwa gitaa likiwa limeshauzwa. Baba aliyemjua yeye alikuwa mtu wa kukata samaki na kurudi nyumbani amechoka.

Wazee wakawa wanamsimulia kabla hatujawasha mashine.

"Baba yako huyu," akasema Fundi Seti, "alikuja kwangu akaazima wembe. Nikadhani anataka kunyoa. Kumbe kaenda kuchana karatasi ya spika ya bendi ili ingurume. Kiongozi wa bendi alitaka kulia."

"Alilia," akasema Mwalimu. "Nilikuwepo."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini pale, ualimu haukukuzuia dansi?"

"Nilikuwa nasimamia maadili."

"Ulikuwa umepanda juu ya meza, Kagaruki."

Veronika alikuwa anacheka, anamtazama baba yake, anacheka tena, kama mtu anayeonyeshwa chumba ambacho hakujua kipo kwenye nyumba yao. Bwire alikuwa anageuza kofia yake tu. Akasema, "Mnazidisha." Lakini uso wake ulikuwa umechangamka.

Palipotajwa wembe na spika, nikaukumbuka ule mngurumo. Nikaupuuza. Mwalimu akanipa ishara, akamwambia binti, "Sasa sisi tunyamaze. Msikilize mwenyewe."

Nikabonyeza. Ikatoka rumba ya mjini, ile kila duka lilikuwa linaipiga.

Fundi Seti akasema, "Profesa, umekosea kanda."

Nikasema sikukosea. Nikawaeleza, na ukitaka kujua nilikuwa mtu gani, ujue kwamba niliwaeleza kwa kujiamini. Nikasema ile ilikuwa imeharibika, inakoroma tu, nikaona nisiwaaibishe mbele ya watu, nikawawekea nyimbo safi, tena sitaki chochote, ni zawadi yangu.

"Na yenyewe iko wapi?" akauliza Mwalimu.

"Ndiyo hii. Nimeirekodi juu."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mwalimu alinyoosha mkono akazima redio, akaitoa kanda, akaigeuza akaona selotepu. Akasema kwa sauti ndogo, "Vile vijimeno nilivivunja mimi mwenyewe."

Bwire ndiye aliyenitetea. "Mwacheni kijana," akasema. "Ilikuwa inakoroma kweli. Nilihangaika sana ili ikorome."

Kisha wakajaribu kuokoa kilichobaki, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichofanya. Mwalimu akamwambia Veronika usijali, sisi tunaukumbuka wimbo wenyewe, tutakuimbia. Akaanza kuliiga gitaa kwa mdomo. Fundi Seti akamkatiza, siyo hivyo, ulianzia chini ukapanda. Mwalimu akasema ulianzia juu. Wakabishana wazee wawili wenye mvi, kila mmoja ana wake, na hakuna hata mmoja uliofanana na kitu ambacho mtu angepandia meza. Wakamgeukia mwenyewe. Bwire akaweka ule mkono wake juu ya paja, vidole vilivyobaki vikabana hewa, vikatafuta, vikahama, vikasimama.

"Umeniponyoka," akasema. "Nilikuwa naitegemea kanda."

Ndipo yule binti akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kaka, wewe ndiye wa mwisho kuusikia. Ulikuwaje?"

Mwanangu, mimi ambaye mtu akiimba maneno mawili namtajia wimbo, nilijaribu kurudi kwenye ile nusu dakika. Nikakuta makelele ya ukumbi, ngoma, halafu mimi mwenyewe nikisema imekufa. Gitaa sikulisikia kwa sababu nilikuwa nimeshaamua si gitaa. Nikamwambia, "Sikumbuki, dada." Nikabeba redio yangu nikaondoka na aibu iliyonifikisha nyumbani kwa miguu, kutoka Kirumba, nikapita stendi bila kuiona.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimtafuta yule rafiki yao aliyerekodi, nikaambiwa alihamia Musoma, nikaenda Musoma, nikaambiwa alishafariki na vitu vyake viligawanywa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza ndugu zake. Walinipa kanda za kwaya. Niliupaka ubao wangu rangi, nikaandika: LETA KANDA ZA ZAMANI ZA MAWE JAZZ. Ubao ulikaa hadi rangi ikachujuka.

Bwire alifariki miaka michache baadaye. Tulivuka ziwa kwenda kumzika Ukerewe. Ikasomwa historia ya marehemu: alizaliwa, alibatizwa, alivua, aliajiriwa kiwandani, alikuwa mfanyakazi mwenye bidii. Gitaa halikutajwa. Mwalimu na Fundi Seti walikuwa upande wa pili wa kaburi, wakanitazama, mimi nikatazama chini. Nilitaka kusimama niseme huyu mtu alikuwa anapiga roki. Ningeulizwa ilikuwaje, ningejibu nini? Veronika tunaonana sokoni hadi leo. Ananisalimu kwa heshima, ananiuliza hali ya watoto. Lile swali hajarudia kuniuliza.

Nimepata mali baada ya hapo, na nimeipata kwa haki. Lakini kuna siku naona kazi moja niliyoifanya kwa ukamilifu kabisa ni ile ya kufuta, maana haikubakia hata nukta.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Mtu akikuletea kitu chake na kuanza kukueleza, weka chini unachofanya, umtazame usoni, umsikilize hadi amalize, hata kama maelezo yake ni marefu na mteja mwingine anakuita. Usilolielewa usiliite bovu. Sema hujalielewa, halafu uliza. Ukitaka kumtendea mtu wema, mwambie kwanza huo wema wenyewe, aukubali au aukatae yeye. Na ukimwona mtu ameziba mlango wa kitu chake, hata kwa kuvunja kipande kidogo cha plastiki, jua ana sababu, na si juu yako kutafuta ujanja wa kuufungua. Wazee walioko mtaani kwenu, ambao unawaona wamekaa na kofia magotini, waulize walikuwa wanafanya nini walipokuwa na umri wako. Waulize mwaka huu.

Mungu akulinde, mwanangu, akuepushe na haraka iliyonipata mimi. Akujaalie mikono inayotunza vya wenzako, na akuweke karibu na watu wako wangali na sauti zao. Amina.