Saa Kumi Hewani

Telesphor alikuwa mkata tiketi katika ofisi ndogo ya safari kule Kilburn, na hakuna aliyemshinda kwa umbali. Heathrow mpaka Dar es Salaam, kilometa elfu saba na mia tano, saa kumi hewani. Aliyatamka hayo kila Jumapili baada ya misa, kifua mbele, kana kwamba barabara hiyo ya angani aliichonga yeye. "Unakula, unasinzia, umefika," aliwaambia wageni. Mwenyewe alikuwa hajakanyaga kwao Bukoba kwa miaka kumi na tisa.

Dada yake Sesilia, muuguzi wa Lewisham, alikuwa amechoka kumsikiliza. Mama yao alipovunjika nyonga mwaka 2003, akawa anamuulizia mwanawe kila simu ikipigwa, safari ile ile ya saa kumi ilirefuka ghafla. Sasa kulikuwa na kulala Mwanza, kuna kindege cha Bukoba kisichoaminika, kuna mvua, kuna likizo isiyotosha. Sesilia alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda peke yake.

Jioni ya pili kule Bukoba, Mama akiwa ameegemea mto, alimuuliza Ulaya ni mbali kiasi gani. Telesphor alikuwa amemwambia ni safari ya wiki nzima. Sesilia angeweza kumsitiri. Hakutaka.

"Si mbali, Mama. Jana asubuhi nilikuwa Nairobi, juzi jioni nilikuwa kwangu."

Mama alivuta vuta ncha ya kanga.

"Basi mwambie asijisumbue."

Aliporudi London, Sesilia hakupiga simu. Alipanda treni mpaka Kilburn, akaingia ofisini mchana, wateja watatu wamekaa kwenye foleni, akayafikisha maneno hayo kama alivyotumwa. Akaongeza na ile wiki nzima. Telesphor alianza kueleza habari za kubadilisha ndege. Mama mmoja wa Kigujarati, Pushpa, aliyezaliwa Tanga na kuelewa kila neno, alimtazama mkata tiketi wake kuanzia tai mpaka usoni, akafunga pasi yake ya kusafiria na kuirudisha mkobani.

"Nitakata kwingine," alisema, akatoka.

Telesphor alijikatia tiketi jioni hiyo hiyo. Aibu ilifanya kazi ambayo nyonga ya mama yake haikuweza.

Alikaa Bukoba siku nne. Siku ya tatu Sesilia alikuwa ndani ya basi, akienda kazini, Mama alipopiga simu. Sesilia alimuuliza kama kaka alifika salama, na kama wamekaa wakazungumza.

"Alikuja," Mama alisema. "Mbu walimshinda, akahamia hotelini mjini. Huja mchana kunisalimia, halafu anatazama saa."

Sesilia alicheka, kicheko kikavu, mpaka abiria wa mbele akageuka kumtazama.