Sala Iliyokausha Chupa

Mimi sijawahi kuonja pombe. Nalisema mapema, maana mkifika mwisho hamtaniamini. Shule nilikaa miaka miwili tu, mengine yote nimejijengea kwa mikono hii. Na nilijijengea kwa nini? Kwa chupa tupu za ramu waliyokunywa wengine.

Hiyo ilikuwa kisiwani Nosy Be, miaka ile ya mwanzo wa uhuru, bendera ikiwa bado haijapauka. Watu wa kiwanda cha sukari wakilipwa Jumamosi, Jumatatu mimi niko njiani na gunia, nyumba hadi nyumba, mpaka Andilana kwa miguu, nikinunua chupa walizozimaliza. Nilizisugua kwa majivu na mchanga, nikazisuuza kwa maji ya majani ya mlimau, nikazipakia na nyasi kavu, zikapanda meli ya mizigo kwenda bandari ya Mahajanga, bara. Huko, mtaa wa Mahabibo, mjane mmoja wa Kingazija aliyeuza mafuta ya nazi ndiye aliyezinunua. Lakini kwanza alizinusa, moja moja. Alikuwa Mwislamu wa sala tano bila kukosa, na chupa yenye harufu aliishika kwa vidole viwili na kuitenga kama panya aliyekufa.

Mwaka mmoja akaniambia neno. Alisema kwa Kingazija chake, mimi nikajibu kwa Kisakalava changu, tukakutana kwenye maneno ya biashara; hapa naliandika kwa Kiswahili ili sote tuelewane.

"Mwanangu, ile pembe ya kibanda changu iko wazi. Niletee chupa mia tatu kabla ya mvua, pembe ni yako, uza utakacho. Zikipungua hata moja, yuko mwingine anaitaka."

"Mama, mia tatu kwangu ni mchezo."

Kibanda! Mimi niliyekuwa nalala juu ya magunia kama paka. Nilirudi Nosy Be natembea mwendo wa mwenye duka.

Jumapili ya kwanza tu, Mchungaji wa kanisa letu, nilikoimba kwaya, akatangaza wiki ya kuombea walevi. Baada ya ibada akanishika bega.

"Ndugu, utaomba wewe. Wewe unawajua watu wetu wanaokunywa."

Kweli niliwajua, kwa majina na kwa kipimo. Mwenye akili angesema koo linamuuma. Lakini kanisani kulikuwa na makarani wa kiwanda, watu wa kuomba kwa kusoma karatasi, na mimi nilitaka wamwone mtu asiye na karatasi anavyoomba. Nikakubali kabla hajamaliza kuuliza.

Siku ya siku nikasimama mbele, nikafumba macho, na ulimi ukafunguka. Jina sikutaja hata moja, heshima nilikuwa nayo. Nilisema: "Ee Bwana, wewe unamwona yule anayeficha chupa chini ya kuku aliyelalia mayai. Unamwona anayeifukia kwenye gunia la mchele, upande wa chini. Unamwona yule aliyeitundika kisimani kwa kamba, akimwambia mkewe anapima kina cha maji."

Mahali hapo pote nilipajua kwa sababu ndipo nilipokuwa nikizichukua. Kanisa likawa kimya. Nikadhani ni Roho. Nikaendelea, nikapita mtaa mzima. Nilipofumbua macho, wanawake wote walikuwa wamewageukia waume zao.

Jioni ile kuku wengi waliinuliwa kwenye viota. Jumapili iliyofuata wanaume wakapita mbele mmoja mmoja kuapa hawatakunywa tena. Mchungaji alinikumbatia akilia. Na mimi nikalia, kila mtu kwa sababu yake.

Jumatatu gunia langu lilirudi jepesi. Jumatatu nyingine, vivyo hivyo. Niligonga mlango wa yule mwenye kuku, fundi wa mitambo, mtu mzima wa kunizidi.

"Kaka, huna hata moja?"

"Sina, mdogo wangu. Mungu amesikia sala yako."

"Hata ya zamani?"

"Toka hapa."

Nilipohesabu zote nilizokuwa nazo, zilipungua kumi na moja. Meli ilikuwa inaondoka keshokutwa, na mawingu yalikwisha kuanza kukaa upande wa bara. Basi nikafanya jambo ambalo hata leo najicheka. Nilikwenda dukani, nimevaa shati la kwaya kwa kuwa lile jingine lilikuwa limelowa, nikanunua chupa kumi na moja za ramu. Zimejaa.

Mwenye duka akanitazama juu hadi chini. "Hata wewe?"

Nikaimwaga ramu yote nyuma ya nyumba. Ningeweza kuuza ile ramu kwa vikombe nikarudisha pesa yangu, na ningependa kuwaambia kwamba imani ndiyo iliyonizuia. Ukweli ni kwamba fundi alikuwa amesimama kwenye ua ananitazama.

"Unaimwaga?"

"Naimwaga."

"Yote?"

"Yote, kaka."

Akavua kofia. "Mungu akusamehe."

Kabla sijamaliza, mzee wa kanisa naye akafika akifuata harufu. Alinikuta nimelowa ramu hadi kwenye viatu, chupa ya tisa mkononi. Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimelewa. Nikafungiwa Meza ya Bwana miezi mitatu, mlevi pekee wa kanisa lile aliyekuwa hanywi. Wale waliokuwa wakinywa kweli walishiriki, nami nikiwatazama kutoka benchi la nyuma.

Lakini kabla ya adhabu hiyo kuanza, meli iliniteremsha Mahajanga na magunia yangu. Mama akakaa kwenye mkeka, akanusa. Mia mbili na themanini na tisa zikapita. Kumi na moja akazitenga kwa vidole viwili.

"Hizi zimefunguliwa juzi. Nani amekunywa?"

"Ardhi, Mama."

Nikamwambia yote, sala, kuku, kisima, shati la kwaya. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Yaani mimi ninayeswali na wewe unayeimba kwaya, sote tunakula kwa walevi. Na wewe ukaenda kuwaponya?"

"Nilitaka makarani wanisikie, Mama."

"Wamekusikia." Akazisukuma zile kumi na moja kwangu. "Kazioshe tena, zitimie. Pembe ni yako. Lakini sikia, mwanangu: mimi usiniombee."

Nilikaa kwenye pembe ile mpaka ikawa duka zima. Na nilimwombea, sikuweza kujizuia, ila kimya kimya, kwa kifupi, bila kutaja anachoficha wala mahali anapokificha.