Maji ya Juu ya Bomba

Waliochafua mto wetu hapa Eldoret nawataja wazi: meneja wa kiwanda cha kuchemsha maganda ya miti ya miwati yatoe dawa ya kulainishia ngozi, aliyeelekeza bomba la uchafu mtoni, serikali ya mkoloni, iliyosema kiwanda ni maendeleo kisha ikaziba pua, na nyapara wetu, Mwafrika kama mimi, aliyetunyamazisha. Wenzangu niliochemsha nao maganda wengi wamezikwa. Mimi nimebaki na kikohozi. Lakini mke wangu aliwashinda mara moja, na hiyo lazima niseme.

Alikuwa abatizwe Jumapili. Kanisa letu lilizamisha watu mtoni, upande wa chini wa bomba, kwa sababu upande wa juu kulikuwa na shamba la mzungu na waya wa seng'enge. Hapo chini maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na yalinuka. Mke wangu akasema hapo haingii.

Nyapara, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akacheka. "Mama, hiyo maji inageuza ngozi ya ng'ombe ikawa kiatu. Dhambi zako ni ngumu kuliko ng'ombe?"

"Mimi naenda kuzaliwa mara ya pili, nyapara. Siendi kuwa kiatu."

Mchungaji naye alicheka, lakini hakuahidi kumbatizia kwingine.

Jumapili wenzake waliingia na kanzu nyeupe wakatoka na rangi ya maganda. Zamu yake ilipofika alishika njia ya kupanda mto. Kina mama wakamfuata wakiimba, basi mchungaji angebaki na nani? Akafuata. Mimi nilikuja nyuma kabisa, naangalia kama meneja atapita. Penye waya mke wangu aliinama akapita. Mchungaji alinaswa koti, akalivua, akaliacha hapo likining'inia.

Walikuwa ndani ya maji hadi kiunoni mzungu mwenye shamba alipotokea juu ya farasi, kiboko mkononi.

"Toka! Nani alisema nyinyi ingia hapa?"

Mchungaji akamwachilia mkono.

"Maliza kwanza, mchungaji," mke wangu akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto amalizie uji. "Tutatoka tukimaliza."

Mchungaji akamzamisha. Alipoinuka alipangusa macho, akapita karibu na farasi, akasema, "Habari ya asubuhi, bwana." Yule kiboko hakukiinua.

Jumatatu nyapara alinifukuza kazi kwa ajili ya ubatizo ule. Nilirudi nyumbani nikitafuta maneno makali ya kumwambia mke wangu. Nilimkuta mlangoni, nikaishia kumwambia nimefutwa. Akaniuliza kama nimekula, akaingia kuwasha moto.