Kichwa cha Mama Mapipa

Asubuhi, kabla hajanywa hata tone la maji, Mama Mapipa anakaa kwenye benchi la chuma nje ya ofisi ya msimamizi. Amefumba macho, anakisikiliza kichwa chake. Ndani ya kiwanda cha mvinyo wenzake wanasugua mapipa. Yeye anasubiri kuulizwa.

"Haya mama, kimeamkaje?" anauliza msimamizi, kijana wa kumzaa mwenyewe.

"Shikamoo yangu umeiacha nyumbani?"

Hiyo ndiyo kazi yake. Jioni anapewa glasi za mvinyo mwekundu, asubuhi anaeleza umemwamshaje. Wakubwa wanatafuta mvinyo ambao mteja ataunywa aamke mzima. Wenyewe hawaujaribu, vichwa vyao ni vya kuvalia kofia.

Zamani alikuwa mwosha mapipa. Siku moja waoshaji wote wakaonjeshwa mvinyo wa kila aina. Kesho yake wenzake, wajanja, wakasema hawakusikia kitu. Yeye akasema kweli: mwepesi ulimwachia kiu tu, mtamu ulimchafua tumbo, na ule mweusi mzito, uliolazwa miaka kwenye mapipa ya mbao, ulimgonga kisogoni mpaka jua likazama.

"Nilidhani wataumwaga," anasema. "Kumbe najipalia makaa! Wakasema, huyu ndiye kipimo chetu."

Mumewe alikuwa ameshafariki, nyumbani hakuna wa kumwambia acha. Mfiwa hukubali lolote, na wakubwa wanalijua hilo.

Sasa mikono inatetemeka mpaka azimue kwa glasi nyingine. Kwenye mapipa nafasi yake ina mtu. Bintiye hampi tena mjukuu ampakate.

"Mama, utamwangusha," humwambia. Na hakosei.

Jana alipewa ule mweusi. Leo kichwa kimya, naye anamwambia msimamizi hivyo.

"Hakiumi?" Msimamizi anachekelea. "Basi tumeupata! Uingie sokoni."

"Baba, si mvinyo uliopona. Ni mimi niliyezoea. Hata ukinipa sumu nitaamka hivihivi."

Kijana anaacha kucheka. Anamtazama kama taa iliyoungua.

"Kama ni hivyo, mama, tutatafuta kichwa kingine. Nakupa kesho tu, kisipouma basi."

Hakuna pole, hakuna daktari. Mlango unafungwa.

Mama Mapipa anabaki kwenye benchi, anajigonga paji la uso kwa kidole, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Namwomba Mungu kesho kiniume," anasema. "Kiniume kweli. Kikiuma, kazi ninayo."